Sura ya Saba: Skrubu Haizibi Ufa

Kwenye pikipiki ya zamani hakuna kifaa kinachosingiziwa kama kabureta. Injini ikizima kila ukisimama, kabureta. Ikipaza sauti yenyewe wakati mkono haujagusa eksileta, kabureta. Ikifuka moshi na kukohoa asubuhi, kabureta tena. Lawama hizo zina sababu yake. Kabureta iko nje, inafikiwa kwa bisibisi moja, na ina skrubu mbili ambazo mtu yeyote akizigeuza atasikia mlio ukibadilika papo hapo. Hapo ndipo watu wengi wanapopotea, kwa sababu mlio kubadilika haimaanishi ugonjwa umepona. Mara nyingi umefunikwa tu, nao utaendelea kula injini huku mwenyewe akiamini mambo yametengemaa.

Sura hii inahusu tu-stroki za njia mbovu, zile pikipiki ambazo kwa miaka mingi ndizo zilizowafikisha mabwana shamba, wauguzi na wamisionari mahali ambapo gari lilishindwa: Yamaha DT 125 na DT 175, Suzuki TF 125, na Yamaha AG 100, ambayo herufi zake mbili za mwanzo zinatokana na neno kilimo kwa Kiingereza. Ukoo wa DT ulianza mwaka 1968, Yamaha ilipotoa DT-1 ya cc 250. Leo barabarani zimetawala fo-stroki za bodaboda, lakini DT na AG bado zinanguruma kwenye mashamba, misheni na nyuma ya nyumba za wastaafu. Ugonjwa unaozisumbua kuliko mwingine ni wa sailensi, yaani mwendo wa injini ikiwa imewaka huku mkono umeachia eksileta.

Nitakachoeleza ni utaratibu wa kuutafuta ugonjwa huo, kwa kuanza na vitu rahisi na kumalizia na skrubu. Mafundi wengi huufuata kwa kurudi nyuma: wanaanza na skrubu, na wakishindwa hununua kabureta mpya.

Injini inavyovuta pumzi

Injini ya tu-stroki haina vali juu ya silinda wala kemshafti. Kazi ya kuvuta hewa inafanywa na chumba cha krenki kilicho chini ya pistoni. Pistoni ikipanda, chumba hicho hunyonya hewa iliyochanganyika na petroli kutoka kwenye kabureta, ikipitia kwenye ridi, yaani ndimi nyembamba zinazofunguka upande mmoja tu. Pistoni ikishuka, ndimi hujifunga na mchanganyiko hubanwa, kisha hupenya kwenye njia za ubavuni mwa silinda hadi juu ya pistoni. Huko unausukuma nje moshi wa mlipuko uliotangulia. Ni mivukuto ya mhunzi hasa, na mivukuto iliyotoboka haiwezi kuchochea moto hata mhunzi awe hodari namna gani.

Kutokana na mpangilio huo kuna mambo mawili ambayo mwenye tu-stroki anapaswa kuyajua kabla hajashika bisibisi.

La kwanza ni kwamba tu-stroki haikai sailensi kwa utulivu kama fo-stroki, hata ikiwa nzima. Eksileta ikiachiwa, mchanganyiko mpya unaoingia ni kidogo sana, na moshi wa zamani unaobaki ndani ya silinda ni mwingi. Mzunguko mmoja unawaka, unaofuata unakataa, wa tatu unawaka tena. Ndiyo maana mlio wake unaruka-ruka. Aliyezoea bodaboda akiisikia DT kwa mara ya kwanza atadhani ni mbovu, na akianza kukaza skrubu ili itulie kama Boxer ya bodaboda, atakuwa anatibu afya. Injini ya aina hii ikikaa kati ya mizunguko 1,200 na 1,400 kwa dakika, ikiruka-ruka lakini haizimi, iache.

La pili ndilo msingi wa sura nzima. Kabureta hupima petroli kulingana na hewa inayopita ndani yake. Hewa ikiingia kwa njia nyingine, mbele ya kabureta, kupitia ufa wa mpira au sili iliyochakaa, kabureta haina habari nayo na haitoi petroli kwa ajili yake. Ukiwa umefungua eksileta yote, hewa inayopita kwenye kabureta ni nyingi mno kiasi kwamba tundu dogo halionekani kabisa. Lakini kwenye sailensi silaidi, yaani kile kipande ndani ya kabureta kinachoinuliwa na waya wa eksileta, imeshuka karibu kufunga, na hewa halali inayopita ni kidogo. Tundu lilelile sasa linachangia sehemu kubwa ya hewa yote. Ndiyo maana uvujaji wa hewa hujitangaza kwanza kwenye sailensi, wakati pikipiki bado inapanda mlima vizuri na mwenyewe anaapa kwamba injini haina tatizo.

Maswali kabla ya spana

Fundi mzuri hutambulika kwa maswali yake.

"Fundi, kabureta imekufa. Nibadilishie."

"Tuiache kwanza kabureta, bwana shamba. Inazima ikiwa ya baridi au ikishapata moto?"

"Ikishapata moto. Na nikivuta choki inakubali kukaa."

"Na ukiachia eksileta, mlio unashuka mara moja au unachelewa?"

Majibu ya maswali hayo mawili yanatosha kupunguza nusu ya kazi. Malalamiko ya sailensi, hata yaelezwe kwa maneno gani, yanaangukia mafungu manne.

Fungu la kwanza ni injini inayozima kila eksileta ikiachiwa, lakini choki ikivutwa inakaa. Choki ya kabureta ya Mikuni aina ya VM, iliyofungwa kwenye nyingi ya pikipiki hizi, haizibi hewa kwa kifuniko. Inafungua njia ya pembeni inayoongeza petroli. Kwa hiyo injini inayoishi kwa choki inakwambia waziwazi kwamba petroli ya sailensi haitoshi. Ama njia ya petroli imeziba, ama kuna hewa ya wizi.

Fungu la pili ni mlio unaochelewa kushuka. Unaachia eksileta, injini inabaki juu kwa sekunde kadhaa, kisha inashuka kwa kusitasita. Au inakaa vizuri kwa dakika chache halafu inapanda yenyewe. Hiyo nayo ni dalili ya hewa nyingi kuliko petroli.

La tatu ni kinyume chake: injini inashuka chini mno, inabwata, inatoa moshi na plagi inalowa. Ukiifungua eksileta ghafla inasita, kisha inajisafisha na kuondoka. Hapa petroli ndiyo iliyozidi.

La nne ni sailensi isiyo na msimamo: leo juu, kesho chini, ukikata usukani inabadilika. Hili mara nyingi halihusu mchanganyiko hata kidogo. Linahusu waya, silaidi iliyochakaa au umeme.

Vitu vya bure kwanza

Washa injini, simamisha pikipiki, kata usukani kulia hadi mwisho, kisha kushoto. Mlio ukipanda, waya wa eksileta umekazwa mno au umepitishwa vibaya na unavuta silaidi. Legeza mpaka mshikio uwe na mchezo kidogo kabla ya kuanza kuvuta. Kwenye Yamaha zenye pampu ya oili, angalia pia waya wa pili unaokwenda kwenye pampu, kwa kuwa nyaya hizo mbili hutembea pamoja. Ukibadilisha mmoja bila kupanga mwingine kwa alama iliyo kwenye pampu, unaweza kupunguza oili ya pistoni bila kujua.

Kisha angalia petroli yenyewe. Fungua skrubu ya chini ya bakuli la kabureta, kinga kwenye chupa angavu na uiache itulie. Maji hukaa chini yakiwa matone ya duara. Tone moja likifunika jeti, kile kitundu cha kupimia petroli, injini inazima ghafla, inawaka tena baada ya muda, na inazima tena. Mafuta ya taa ni adui mwingine. Uchakachuaji ulikuwa mkubwa kiasi kwamba mwaka 2010 mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji, EWURA, ilianza kuweka vinasaba kwenye mafuta nchini Tanzania ili kuugundua. Petroli ya chupa inayouzwa kando ya barabara ya kijijini haina mtu wa kuipima, na tu-stroki iliyonyweshwa mafuta ya taa hukaa sailensi vibaya na kufuka moshi mzito hata kabureta ikiwa safi. Mwaga, weka petroli unayoiamini, jaribu tena. Hilo litakupunguzia kazi ya kufungua kitu ambacho hakina kosa.

Plagi inafuata. Pengo lake liwe karibu milimita 0.6 hadi 0.7. Kama namba yake imebadilishwa kiholela, rudisha ile iliyoandikwa kwenye kitabu cha pikipiki. Kwa plagi za NGK, namba kubwa maana yake plagi ya baridi zaidi, na plagi ya baridi mno hulowa kirahisi kwenye sailensi. DT za mwanzo zinazotumia platini zinahitaji jicho la ziada. Platini iliyochimbika au iliyofunguka pengo lisilo lake hutoa cheche dhaifu kwenye mizunguko ya chini, na hali hiyo inafanana kabisa na ugonjwa wa kabureta.

Mwisho, angalia mwanzo na mwisho wa njia ya hewa. Chujio la sponji lililojaa vumbi la kiangazi hubana hewa na kuzidisha petroli. Lioshe, likauke, lipake oili kidogo, lirudi mahali pake. Na usikubali ushauri wa kulitoa kabisa "ili ipumue": kabureta ilipimwa ikiwa na chujio. Ekzosi nayo huziba kwa masizi ya oili, hasa kwenye bomba la ndani la nyuma. Ukiweka kiganja nyuma ya ekzosi na pumzi ikatoka kwa unyonge, safisha huko kwanza.

Jeti ndogo

Kama yote hayo ni mazuri na injini bado inaishi kwa choki tu, sasa kabureta inastahili kufunguliwa.

Ndani yake kuna jeti mbili zinazofanana kwa mbali. Jeti kubwa hulisha injini ukiwa umefungua eksileta karibu yote. Jeti ndogo hulisha sailensi na ule mwanzo wa kufungua, takriban moja ya nane ya mzunguko wa mshikio. Tundu la jeti ndogo ni jembamba sana, na pikipiki iliyoegeshwa msimu mzima ndiyo inayoliziba. Petroli hukauka ndani ya bakuli na kuacha gundi ya njano. Kama mwenyewe huchanganya oili kwenye tangi, oili nayo hubaki na kuifanya gundi kuwa nzito zaidi. Ndiyo maana pikipiki iliyolala huwaka kwa choki, hukimbia vizuri ukifungua eksileta, lakini hukataa katakata kukaa sailensi. Jeti kubwa imepona, ndogo imezibwa.

Funga koki, toa kabureta, geuza bakuli. Tumia bisibisi inayojaa kwenye mfereji wa jeti, kwa sababu shaba ni laini na mfereji ukishalika, jeti haitoki tena kwa amani. Inue jeti kwenye mwanga wa jua na uchungulie. Unapaswa kuona duara kamili. Ukiona nusu duara au giza, iloweke kwenye dawa ya kusafishia kabureta au petroli safi, kisha ipulize kwa kompresa. Usiingize waya wa chuma. Tundu likipanuliwa hata kwa kiasi kisichoonekana kwa macho, jeti hiyo imekuwa ya namba nyingine na hakuna skrubu itakayoirudisha. Uzi mmoja wa shaba kutoka kwenye waya wa umeme, ukipitishwa taratibu, unatosha.

Wengi huishia hapo, wakaifunga kabureta, kisha wakashangaa kwamba hakuna kilichobadilika. Jeti ni sehemu moja tu ya njia. Kuna tundu la hewa kwenye mdomo wa kabureta upande wa chujio, kuna njia ya skrubu ya hewa, na kuna vitundu viwili sakafuni mwa kabureta, kimoja chini ya silaidi na kingine mbele yake kidogo upande wa injini. Toa skrubu ya hewa pamoja na springi yake, ukihesabu kwanza imefunguliwa mizunguko mingapi, na uiandike. Kisha puliza kutoka kila mlango huku umeweka kidole kwenye mingine. Hewa isipotoka kwenye vitundu vyote viwili vya sakafuni, kazi haijaisha. Mara nyingi ni kile kimoja kidogo cha mbele kinachokosa hewa, nacho ndicho cha sailensi.

Kuzuia ugonjwa huu hakugharimu kitu. Pikipiki ikitarajiwa kulala kwa wiki kadhaa, funga koki na ufungue skrubu ya chini ya bakuli petroli yote imwagike. Bakuli kavu halina cha kugandisha.

Petroli inapozidi

Fungu la tatu, la moshi na plagi iliyolowa, lina washukiwa wake.

Wa kwanza ni boya. Boya hupanda na petroli na kuisukuma sindano izibe mlango. Sindano ikiwa na mchubuko kwenye ncha, au uchafu ukiwa umekwama chini yake, petroli haikomi kuingia. Kiwango kinapanda ndani ya bakuli na jeti ndogo inatoa kuliko inavyotakiwa. Dalili ya wazi ni petroli kudondoka kwenye mpira wa chini wakati pikipiki imesimama na koki imefunguliwa. Litikise boya sikioni. Likisikika na petroli ndani, limetoboka. Kimo chake kimeandikwa kwenye kitabu cha kila pikipiki, na kinarekebishwa kwa kukunja taratibu ulimi mdogo wa bati, si kwa kubonyeza boya lenyewe.

Mshukiwa wa pili husahaulika: choki yenyewe. Kipande kidogo cha shaba kinachofunga njia ya choki kina mpira chini yake. Mpira ukichakaa, au waya wa choki ukikosa mchezo, njia hiyo haifungi. Pikipiki inatembea siku nzima choki ikiwa imevutwa kidogo bila mwenyewe kuigusa. Mtu ataibana petroli kwa skrubu ya hewa, atabadilisha jeti, na bado itabwata.

Wa tatu ni mwinuko. Hewa ya Njombe, karibu mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, ni nyepesi kuliko ya Dar es Salaam kwa takriban moja ya tano. Kabureta iliyopangwa pwani ikipandishwa huko itatoa petroli ileile kwa hewa pungufu, na injini itakuwa nzito. Hilo linaudhi lakini haliui. Kinyume chake ndicho cha kuogopwa: pikipiki iliyopangwa kwa makini Njombe, ikashushwa pwani bila kuguswa, itakuwa na petroli pungufu na joto jingi. Pistoni nyingi zilizokamata zilikamata kwenye barabara tambarare, kwa mwendo mzuri, dereva akiwa amefurahi.

Ufa

Sasa tufike kwa mkosaji mkuu wa fungu la kwanza na la pili: hewa inayoingia bila ruhusa.

Anza na mpira unaounganisha kabureta na silinda. Mpira wenye umri wa miaka ishirini au zaidi huwa umekakamaa. Kwa nje unaonekana mzima. Ukiukunja kwa mikono, nyufa zinafunguka kwenye mikunjo yake. Mafundi hupaka gundi ya silikoni juu yake. Silikoni ya kawaida huyeyushwa na petroli, na ufa hurudi ukiwa mkubwa zaidi. Mpira ni kifaa cha kubadilishwa. Angalia pia klipu zake, na gasketi kati ya ridi na silinda. Ndimi za ridi zenyewe ziinue kwenye mwanga. Zikiwa na pengo, au ncha zimepasuka, injini huwaka kwa shida, hutema mchanganyiko kurudi kwenye kabureta na hukosa sailensi.

Baada ya hapo kuna sili mbili za krenki, na hapa upande una maana. Kwenye DT na AG, magneti iko kushoto na klachi iko kulia. Sili ya kushoto ikichoka, chumba cha krenki kinavuta hewa kavu: mlio unachelewa kushuka, unapanda yenyewe, na plagi inakuwa nyeupe. Sili ya kulia ikichoka, chumba kinavuta oili ya giaboksi: moshi mweupe mzito usioisha, plagi yenye utelezi, na oili ya giaboksi inayopungua bila tone kuonekana chini. Mwenye pikipiki anayeongeza oili ya giaboksi kila mwezi na kusema "inakula kidogo" anapaswa kujiuliza inakwenda wapi. Inaungua.

Kuna njia ya haraka ya kuhakikisha. Injini ikiwa sailensi, nyunyiza kidogo dawa ya kulainisha vyuma kuzunguka mpira na gasketi. Mlio ukibadilika, umeupata ufa. Fanya hivyo nje, mbali na ekzosi yenye moto, ukiwa na mchanga karibu, na usitumie petroli.

Njia ya uhakika ni kupima kwa pumzi. Toa kabureta na ekzosi, ziba matundu yote mawili kwa raba iliyobanwa imara, na kwenye moja weka vali ya tyubu. Jaza hewa kwa pampu ya baiskeli hadi psi 6 hivi. Usipitishe 10, maana sili zinaweza kuruka. Injini nzima hushikilia presha hiyo kwa dakika kadhaa. Ikishuka upesi, paka maji ya sabuni kwenye maungio, kwenye kitako cha silinda na, baada ya kutoa magneti, kwenye sili ya kushoto. Povu litaonyesha. Kama hakuna povu nje na presha bado inashuka, fungua kifuniko cha oili ya giaboksi usikilize. Hewa ikipumua hapo, sili ya kulia imekwisha.

Ni muhimu kuelewa kinachotokea pale fundi mwenye haraka anapokutana na ufa. Mlio uko juu, kwa hiyo analegeza skrubu ya sailensi, na silaidi inashuka. Mlio bado uko juu, analegeza zaidi, hadi silaidi imefunga kabisa na skrubu haigusi kitu. Kisha anakaza skrubu ya hewa hadi mwisho ili kuongeza petroli. Sasa pikipiki inakaa sailensi. Mwenyewe analipa, anashukuru, anaondoka. Lakini ufa upo palepale, na unapanuka. Juu ya sailensi, pale ambapo skrubu hizo hazina nguvu tena, mchanganyiko ni mwepesi na joto ni jingi. Kinachofuata ni gurudumu la nyuma kukwama ghafla barabarani.

Na kama siku moja injini itapaa yenyewe na swichi isiizime, usikimbie. Shika breki zote mbili, weka gia ya juu, achia klachi, izimike. Ukiweza kuufikia mdomo wa kabureta, uzibe. Usiwashe tena mpaka sili na mipira vimekaguliwa.

Sasa, skrubu

Baada ya waya, petroli, plagi, chujio, jeti, boya na uvujaji kukaguliwa, skrubu zinastahili kuguswa. Ziko mbili na kazi zao ni tofauti. Ile kubwa, inayoinua silaidi, hupandisha na kushusha sailensi. Ile ndogo yenye ncha ni ya mchanganyiko.

Hapa mafundi waliozoea bodaboda hupotea. Kanuni ni kuangalia skrubu ya mchanganyiko iko upande gani wa silaidi. Ikiwa upande wa injini, kama ilivyo kwenye kabureta nyingi za fo-stroki, hupima petroli: ukiifungua, petroli inaongezeka. Ikiwa upande wa chujio, kama kwenye Mikuni ya tu-stroki hizi, hupima hewa: ukiifungua, hewa inaongezeka na mchanganyiko unakuwa mwepesi. Anayefungua skrubu ya DT akidhani anaongeza petroli anaipunguza.

Pasha injini moto kwa kuendesha kilomita chache. Kuipanga ikiwa ya baridi ni kazi bure. Kaza skrubu ya hewa taratibu hadi iguse, bila kuikandamiza, kisha ifungue mzunguko mmoja na nusu. Weka sailensi juu kidogo ya kawaida. Sasa fungua skrubu ya hewa robo mzunguko, subiri mlio utulie, sikiliza. Robo nyingine, subiri. Mlio utapanda hadi kileleni kisha uanze kushuka na kuyumba. Rudi kileleni. Kisha shusha sailensi kwa skrubu kubwa hadi mlio wa kawaida. Jaribu kwa kufungua eksileta ghafla: ikisita kana kwamba inataka kuzima, kaza skrubu ya hewa robo mzunguko; ikibwata kabla ya kupanda, fungua robo.

Kilele kikipatikana mahali fulani kati ya mzunguko mmoja na miwili, kila kitu kiko sawa. Kikipatikana chini ya nusu mzunguko, injini inalilia petroli: jeti ndogo ni ndogo mno, imeziba kwa sehemu, au kuna hewa inavuja. Kikihitaji zaidi ya mizunguko miwili na nusu, petroli imezidi: jeti ni kubwa mno, boya liko juu, au choki haifungi. Na kama hakuna kilele kabisa, ukigeuza na mlio haujali, ama njia ya jeti ndogo bado imeziba, ama silaidi imechakaa hadi hewa inapita pembeni yake. Silaidi ya aina hiyo hugongagonga ukiitikisa kwa kidole ndani ya kabureta, na hapo ndipo kununua kabureta nyingine kunapokuwa na maana.

Kwa hiyo iandike namba. Kwenye ukurasa wa mwisho wa kitabu cha pikipiki, au kwa kalamu chini ya kiti, weka tarehe, mahali, na mizunguko ya skrubu ya hewa. Mwakani ukiipanga tena palepale, kwa jeti ileile, na kilele kikatoka kwenye moja na nusu hadi kwenye nusu, usifurahie kwamba umekipata. Jeti haikubadilika na hali ya hewa ya mahali hapo ni ileile. Hakikisha tu kwamba jeti haijaziba. Ikiwa safi, kilichobadilika kiko kati ya kabureta na krenki, nawe umekigundua kwa bei ya mpira au sili, kabla hakijakudai pistoni.